Bunduki ya Vita vya Mjerumani: Mnunuzi Aangalie Nini?

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, bunduki kuukuu haimfikii mtu bila hadithi. Hii ni ya Mjerumani, husema mwenye nayo. Hii babu alirudi nayo kutoka Burma. Hii iliachwa na mzungu wa machimbo ya dhahabu ya Macalder alipofungasha virago vyake. Hadithi hizo zina ladha, na baadhi yake huenda zikawa na ukweli, kwa kuwa vita vilipita hapa kweli. Lakini kazi kubwa ya hadithi ni kupandisha bei. Haisemi kama mtutu umeliwa na kutu, kama bolti ilizaliwa na bunduki ile ile, wala kama risasi ya kwanza itampasukia mfyatuaji usoni.

Chuma husema. Bunduki ya jeshi ni kifaa kilichopigwa mihuri mingi kuliko pasipoti: kiwanda, mwaka, mfalme, mkaguzi, nambari, na wakati mwingine hukumu ya kifo. Anayejua kuisoma mihuri hiyo hahitaji kubishana na muuzaji. Anayesikiliza tu maneno hununua maneno.

Kabla hata ya kuigusa, kuna suala la sheria, na hapa hakuna njia ya mkato. Nchini Kenya silaha husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Mtu hupata kibali kwanza, bunduki baadaye. Mwaka 2018 serikali iliwataka raia wote wenye bunduki za leseni wahakikiwe upya, na waliopita wakapewa vyeti vipya vya kielektroniki. Kwa hiyo milango halali ya kununulia ni michache sana: duka lililosajiliwa kuuza silaha, au mwenye leseni anayeuza kwa mwenye kibali huku Bodi ikijua na kuidhinisha.

Wengi hudhani uzee unaisamehe bunduki. Hausamehe. Bunduki ya mwaka 1916 inayoweza kufyatua risasi ni silaha sawa na iliyotoka kiwandani mwaka jana, na mtu akikutwa nayo darini bila karatasi hataokolewa na historia ya ukoo wake. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 nayo huhesabu kuwa mali kale kitu kilichotengenezwa nchini au kuletwa kabla ya mwaka 1895, na bunduki za vita vya 1914 hazikuwa zimefika wakati huo. Iliyopatikana kwenye nyumba ya marehemu haiuzwi wala hainunuliwi. Njia yake ni kituo cha polisi, na ni busara polisi waitwe waifuate ilipo kuliko mtu kuibeba begani barabarani.

Migori, zaidi ya hayo, ni kaunti ya mpakani. Kutoka Isebania hadi upande wa Tarime, Tanzania, ni hatua chache, na wizi wa mifugo umewafanya polisi wa pande zote mbili wasiwe na mzaha na mtu mwenye mtutu. Bunduki iliyovushwa bila kibali ni ya magendo, hata kama ina umri mkubwa kuliko jamhuri zote mbili. Zilizokosa karatasi huishia motoni: Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 huko Ngong kwa siku moja.

Baada ya karatasi, historia. Nayo ina manufaa makubwa kuliko wanunuzi wengi wanavyofikiri, si kwa sababu inathibitisha hadithi ya muuzaji, bali kwa sababu mara nyingi huivunja.

Septemba 1914, vita vikiwa na umri wa wiki chache tu, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka upande wa Mwanza na kupanda hadi Kisii. Waingereza wakawapakia askari wa Keya, yaani King's African Rifles, kwenye meli huko Kisumu, wakawashusha Kendu Bay, na kutoka ziwani wakapanda kwa miguu kuelekea milimani. Tarehe 12 Septemba wakapambana. Kapteni Thorneycroft, aliyewaongoza askari wa Keya, aliuawa siku hiyo. Mwisho wake pande zote mbili zilirudi nyuma, na Wajerumani wakashika njia ya mpakani. Mwezi huo huo Ghuba ya Karungu iliona meli ya Kiingereza Winifred ikikabiliana na boti ya Kijerumani iliyoitwa Muansa. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Shirati, upande wa pili wa mpaka, na vita vikaanza kuhamia kusini. Kendu Bay sasa iko Kaunti ya Homa Bay, na Karungu iko Migori. Anayesema bunduki zilipita hapa hajasema uongo.

Swali ni bunduki zipi. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la koloni la Ujerumani walikuwa bado wanabeba Mauser ya mwaka 1871. Ni bunduki ndefu ya risasi moja moja, tundu lake milimita 11, na kidonge chake cha risasi kina uzito wa gramu 25 hivi. Ilitumia baruti nyeusi, kwa hiyo kila mlio uliacha wingu la moshi mweupe lililomwonyesha adui mfyatuaji alipojificha. Mauser ya kisasa ya mwaka 1898, yenye tundu la milimita 7.92 na baruti isiyo na moshi, ilikuwa mikononi mwa wachache. Mambo yalibadilika Aprili 1915, meli Rubens ilipopenya kizuizi cha Waingereza na kufika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilipigwa mizinga na kuzama kwenye maji mafupi, lakini sehemu kubwa ya shehena iliokolewa. Risasi zilizolowa maji ya bahari zilifunguliwa moja baada ya nyingine, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Machi 1916 meli nyingine, Marie, ilifika Sudi, kusini karibu na Lindi.

Baada ya Marie, hakuna kilichofika. Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kwa chombo cha angani, L59, kilichobeba silaha na dawa kutoka Bulgaria. Kilifika juu ya Sudan kikaamriwa kurudi.

Mnunuzi na akae hapo kidogo, kwa sababu pana faida. Mauser yenye mhuri wa 1917 au 1918 haikuwahi kubebwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita hivyo. Haikuwa na njia ya kufika. Inaweza kuwa bunduki nzuri, inaweza kuwa imefika Afrika Mashariki miaka ya baadaye kwa mkulima mzungu au mwindaji, lakini si "ya vita vya Mjerumani" kwa maana anayoiuzia muuzaji. Na kinyume chake kinashangaza zaidi. Kikosi hicho kiliposalimu amri Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, kilikabidhi bunduki zaidi ya 1,000, nazo zilikuwa za Kiingereza na Kireno, nyara za mapigano ya miaka minne. Maana yake, mwishoni mwa vita vile askari wa Mjerumani angeweza sana kuonekana na bunduki yenye taji la mfalme wa Uingereza.

Upande wa Waingereza, bunduki ya kujua ni Lee-Enfield, ambayo wengi nchini huijua kwa kipimo cha risasi yake, "three-o-three". Hiyo ndiyo iliyobebwa na Keya, ikabebwa tena katika vita vya Hitler huko Ethiopia, Madagaska na Burma, kisha ikatumiwa na polisi na jeshi wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau. Kama kuna bunduki ya zamani ya jeshi itakayowekwa mbele ya mnunuzi Mkenya, uwezekano mkubwa ni hii.

Nayo husomeka kwa urahisi. Chini kidogo ya mpini wa bolti, upande wa kulia, pana ukosi wa chuma unaoshika kitako cha mbao. Kwenye ukosi huo modeli za awali zilipigwa taji, herufi za mfalme, kiwanda, mwaka, na aina. "Enfield" ni kiwanda cha serikali ya Uingereza. "BSA Co" ni Birmingham. "Lithgow" ni Australia, na "Ishapore" ni India, ambako herufi za mfalme ziliongezewa I ya cheo chake cha kuitawala nchi hiyo. Alama Mk III ilianza 1907. Ikiongezewa nyota, basi ni muundo uliorahisishwa katikati ya vita, ambapo viwanda viliacha baadhi ya vipande ili vitoe bunduki nyingi haraka. Iliyoandikwa No. 4 ni ya vita vya pili, na iliyotengenezwa kiwanda cha Savage, Marekani, huwa imepigwa maneno "US Property" ingawa ilikwenda kwa Waingereza. No. 5 ni fupi, nyepesi, ina kificha mwali chenye umbo la faneli mdomoni, na ilianza kutoka 1944.

Kwa hiyo mtu akileta Lee-Enfield yenye mhuri wa 1942 na kusema babu yake aliinyakua Kisii mwaka 1914, mazungumzo yamekwisha. Hakuna haja ya kumwita mwongo. Pengine familia imechanganya vita viwili, au babu wawili.

Na lipo jambo jingine ambalo hadithi za ukoo hulipita haraka. Askari wa Keya hakuruhusiwa kwenda nyumbani na bunduki. Alikabidhi alipoachishwa kazi, na bunduki ikarudi ghala. Wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, ambao Nyanza ilitoa kwa maelfu na wengi wao hawakurudi, walibeba mizigo ya jeshi, si silaha. Alichorudi nacho mzee wa Keya ni medali, cheti cha kuachishwa kazi, na pengine koti. Familia ikionyesha vitu hivyo pamoja na bunduki, vitu hivyo vimemthibitisha babu. Bunduki bado haijathibitishwa.

Sasa chuma chenyewe.

La kwanza ni kuhakikisha haina risasi, na hilo halifanywi kwa kuuliza. Bolti inafunguliwa, magazini inachomolewa, chemba inaangaliwa kwa macho kisha inapapaswa kwa kidole. Mtaalamu akipokezwa bunduki kutoka kwa mtu aliyetoka kuikagua mbele yake, naye huikagua tena, na muuzaji mwenye adabu ya kazi hakasiriki.

Kisha nambari. Anayenunua gari hulinganisha chesisi na logbuku, na hapa ni vivyo hivyo, ila bunduki imeandikwa nambari yake mwilini mara kadhaa. Lee-Enfield ya vita vya kwanza huwa na nambari kwenye fremu, kwenye mtutu, nyuma ya mpini wa bolti, na mara nyingi kwenye kizibo cha mbele na shabaha ya nyuma. Zikilingana zote, ni bunduki iliyobaki na viungo vyake tangu kiwandani, na thamani hupanda. Kizibo au shabaha ikitofautiana, si ajabu. Mafundi wa jeshi walibadilisha vipande kila siku. Bolti ikitofautiana, mnunuzi asimame. Bolti ndiyo inayozuia mlipuko usirudi nyuma, na kila moja ilikazwa kwa fremu yake. Iliyookotwa kwenye ndoo ya spea inaweza kufunga vizuri, ikateleza kama siagi, na bado isiwe salama.

Hilo linatuleta kwenye kipimo ambacho watu hukipuuza kwa sababu hakionekani kwa macho: nafasi kati ya uso wa bolti na mwisho wa mtutu ambako ukingo wa risasi huegemea, bolti ikiwa imefungwa. Risasi ya .303 ina ukingo nyuma, na ukingo huo ndio unaoishika isizame ndani. Nafasi inayokubalika kwa bunduki ya kazi ni kati ya inchi 0.064 na 0.074, yaani milimita 1.63 hadi 1.88. Tofauti yote ni robo milimita tu. Nafasi ikizidi, ganda la shaba hurefuka kila linapofyatuliwa, na siku moja hukatika karibu na kitako, gesi ya moto ikarudi kwenye bolti. Kipimo hupimwa kwa geji za chuma ambazo fundi wa bunduki anazo. Bolti ikifungika juu ya geji kubwa, bunduki haifai kufyatuliwa. Kwenye No. 4, kichwa cha bolti hufunguka na kilitengenezwa kwa saizi nne, 0 hadi 3, ili fundi apunguze nafasi bila kubadilisha bolti nzima. Ukikuta tayari imefungwa saizi 3, jua kwamba huenda imetumika sana, na hakuna saizi nyingine ya kwenda. Muuzaji akiwa na maganda yaliyofyatuliwa na bunduki ile ile, yaangaliwe: mstari unaong'aa unaozunguka ganda karibu na kitako ni dalili mbaya.

Ndani ya mtutu ndiko pesa nyingi hupotea. Mtutu usiangaliwe kabla ya kusafishwa. Grisi nzito huficha, na wauzaji wanajua. Kitambaa kikavu kipitishwe mara kadhaa, kisha mwanga uingizwe upande wa chemba. Michirizi inayozunguka ndani, Lee-Enfield ikiwa na mitano au miwili kutegemea modeli, inatakiwa iwe na kingo kali. Weusi kidogo na ukungu si lazima uwe mwisho wa dunia. Mitutu mingi yenye sura hiyo bado hulenga vizuri. Vishimo vya kutu ni habari nyingine.

Kutu hiyo ina chanzo chake. Fataki za risasi za kijeshi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Ndiyo maana askari wa Kiingereza alifundishwa kumimina maji yanayochemka kwenye mtutu kwa faneli kabla ya kuupaka mafuta: maji huyeyusha chumvi, mafuta peke yake hayawezi. Bunduki iliyofyatuliwa kwa risasi hizo ikatundikwa ukutani bila maji, kwenye nyumba iliyo karibu na ziwa ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, huanza kuharibika siku hiyo hiyo. Kutu ya nje hutoka kwa mafuta na kitambaa. Ya ndani haitoki, na mtutu mbadala wa bunduki ya miaka 80 haupatikani kwa urahisi.

Mdomo wa mtutu nao uangaliwe. Askari walisafisha kwa kamba yenye uzito, na kamba ikivutwa pembeni miaka mingi hukata mfereji kwenye ukingo. Ukingo ukiisha, risasi hutoka imepinda. Mafundi wana njia ya haraka: huchukua risasi ya mfano isiyo na baruti wala fataki na kuiingiza mdomoni kichwa chini. Ikizama mpaka ganda likagusa mtutu, mdomo umekwisha. Ikibaki sehemu ya kichwa nje, bado kuna maisha.

Mbao huhukumiwa kwa namna tofauti na wengi wanavyodhani. Mikwaruzo, madoa ya mafuta, hata kiraka cha mbao kilichopachikwa vizuri na fundi wa jeshi havipunguzi thamani, na wakusanyaji wengine huvipenda. Nyufa ni hatari, hasa nyuma ya kifyatulio na pale mwili wa chuma unapoegemea mbao kupokea kishindo. Kwenye Lee-Enfield, mbao zikilegea mahali hapo, shabaha huhama kila risasi. Kosa kubwa ambalo mwenye bunduki anaweza kulifanya ni kupiga msasa na kupaka vanishi ili ipendeze. Mihuri ya wakaguzi hupotea, na bei hushuka pamoja nayo. Vivyo hivyo chuma kilichopakwa rangi mpya ya buluu: herufi zikiwa na kingo laini kama zilizoyeyuka, imesuguliwa.

Nyingi za bunduki hizi zilikatwa. Baada ya vita, walowezi na wawindaji walinunua Lee-Enfield za bei rahisi, wakakata mbao za mbele, wakafupisha mtutu, wakafunga darubini. Kwa kuwinda zilifaa. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na bunduki iliyokatwa ikabaki bila kazi ya mwindaji na bila thamani ya mkusanyaji. Anayeuziwa moja asikubali bei ya ile iliyobaki nzima.

Kuna mihuri inayotakiwa kumfukuza mnunuzi moja kwa moja. "DP" maana yake ni ya gwaride tu. Jeshi liliamua haifai kufyatuliwa, mara nyingi likatoboa chemba au kukata pini. "ZF" ni ya kutupwa. "EY" ni iliyotumika kurushia maguruneti, mara nyingine imefungwa waya kuuzunguka mtutu, na hubaki ya dharura. Wapo waliofuta herufi hizo kwa tupa. Sehemu yenye bonde dogo lililosuguliwa mahali ambapo muhuri hukaa inasema zaidi ya muhuri wenyewe. Kwa upande mzuri, bunduki iliyouzwa kwa raia kupitia Uingereza ilijaribiwa London au Birmingham, ikapigwa alama za majaribio pamoja na maandishi ".303 2.222 18.5 TONS": kipimo cha tundu, urefu wa ganda kwa inchi, na shinikizo kwa inchi ya mraba. Alama hizo ni ushahidi kwamba ilitoka jeshini kwa mlango halali.

Risasi ndizo zinazoua wasiosoma. Miaka ya 1960 Ishapore ilitengeneza bunduki inayofanana sana na Lee-Enfield ya zamani lakini ya 7.62, na magazini yake ina pembe kali zaidi. Mtu akizichanganya, amechanganya vitu visivyolingana kabisa. Kwa Wajerumani mtego uko ndani zaidi: mwaka 1905 kidonge cha 7.92 kilinenepeshwa kutoka milimita 8.07 hadi 8.20, na mitutu iliyorekebishwa ikapigwa herufi "S". Bunduki ya kabla ya hapo isiyo na S, ikipewa risasi za baadaye, inasukumiwa kidonge kinene kuliko njia yake. Mauser ya 1871 nayo isipewe kamwe baruti ya kisasa. Iliundwa kwa baruti nyeusi, na ukweli ni kwamba nafasi yake ni ukutani mwa makumbusho. Hata kwa .303 ya kawaida, mnunuzi aulize kwanza dukani kama risasi zinapatikana na kama cheti chake kinaziruhusu, kwa sababu cheti hutaja silaha na risasi zake.

Wakenya walioko Marekani hukutana na suala hili kwa sura nyingine kabisa. Huko kuna leseni maalumu ya wakusanyaji wa silaha za kale, na bunduki iliyopita miaka 50 ikiwa katika hali yake ya asili huhesabiwa humo. Lee-Enfield zimejaa kwenye maonyesho ya silaha, na mtu wa Rongo anayeishi Texas anaweza kushika kumi kwa asubuhi moja. Kuileta nyumbani ni jambo jingine, lenye vibali vya kutoka huko na vya kuingia hapa, na hakuna ofisa wa forodha atakayeguswa na ukweli kwamba ni kumbukumbu.

Kuhusu bei, kanuni moja ya wakusanyaji inastahili kuigwa: kila sehemu ya bei inayotokana na hadithi ilipwe tu kwa hati. Hati si barua ya mjukuu. Ni kitabu cha kikosi kinachotaja nambari ya bunduki, risiti ya mnada wa serikali, au leseni ya zamani ya ukoloni yenye nambari ile ile iliyo kwenye fremu. Hati ikiwepo, bunduki yenye kutu inaweza kuishinda bei ile iliyong'aa. Isipokuwepo, mnunuzi analipia chuma na mbao, basi.

Na chuma hicho kisilipiwe chote papo hapo. Makubaliano ya kuuziana bunduki kuukuu huandikwa kwa masharti mawili: kwamba Bodi iidhinishe uhamisho, na kwamba fundi aliyesajiliwa aipime kwa geji na kuifyatua kwenye uwanja wa shabaha, risasi za kwanza ikiwa imefungwa kwenye stendi na kamba ndefu ikivuta kifyatulio, watu wote wakiwa nyuma ya ukuta. Maganda ya risasi hizo huokotwa na kukaguliwa kabla ya mtu yeyote kuiweka begani. Gharama ya fundi hubebwa na mnunuzi. Ikifeli, amana inarudishwa, na bunduki inarudi kwa mwenye leseni aliyeileta.